Viumbe hutengenezaje kinga yao wenyewe dhidi ya mionzi ya urujuanimno?

Mwalimu wa Ndosho, Goma

Jambo kwenu nyote, ndugu na dada.

Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Goma, na naleta swali lililozuka darasani ambalo kitabu chetu cha kiada hakilijibu. Tulikuwa tunajifunza jinsi uhai unavyorejea juu ya lava. Kwa watoto wa mji huu somo hilo haliko mbali: lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ile ya Mei 2021 ilisimama karibu na nyumba za watu upande wa kaskazini, na anayesafiri kwenda Sake hupita kwenye lava za volkano ya Nyamulagira za miaka tofauti. Juu ya zile zilizopoa zamani kidogo, kabla nyasi na vichaka havijashika mizizi, utaona likeni za kijivu, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja, zimetandaa juu ya mwamba mweusi. Msichana mmoja akauliza: likeni hazina kivuli, haziwezi kuhama, kiangazi kikija hukauka kabisa, na jua la huku linababua hata ngozi ya mtu mzima, mbona haziungui?

Nilimweleza kwamba viumbe vingi hutengeneza kemikali zinazonyonya mionzi ya urujuanimno (kwa kifupi UV), ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, kabla haijafika kwenye sehemu nyeti za seli. Hapo ndipo likaja swali la pili, ambalo ndilo hasa nalileta kwenu: kemikali hizo hutengenezwaje, na kutokana na nini? Kitabu kinataja melanini, rangi ya ngozi ya binadamu, kwa mistari michache, kisha kinahamia mada nyingine. Ningependa kuielewa njia yenyewe, kuanzia malighafi hadi kinga iliyokamilika, na kujua kama likeni, mmea wa shambani, samaki na mwanadamu wanafuata njia moja au kila mmoja ana yake.

Ninayo sababu nyingine inayonisukuma. Sokoni yanauzwa mafuta ya mimea yanayosemekana kuzuia jua, kwa hoja kwamba mmea wenyewe unaishi juani mchana kutwa na haudhuriki. Shuleni kwetu wako wanafunzi wenye ualbino, na wazazi wao huniuliza mimi kwa kuwa nafundisha sayansi. Sitaki kubahatisha katika jambo linalogusa ngozi na uhai wa watoto wao. Na kama lipo jaribio ambalo darasa lisilo na labo linaweza kulifanya, nitashukuru sana kulijua.

Mtu wa Labo, Bukavu

Jambo Mwalimu. Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu sehemu iliyo nzuri zaidi katika jambo hili ni ile ambayo vitabu vya shule huiruka.

Kwanza tuone mionzi hii inafanya nini. Ile yenye urefu wa wimbi chini ya nanometa 280 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita) huzuiwa na hewa ya juu, hasa tabaka la ozoni, hivyo haitufikii. Inayotufikia ni ya aina mbili: UV-B, kuanzia nanometa 280 hadi 315, ambayo ozoni huichuja sehemu kubwa bila kuimaliza, na UV-A, kuanzia 315 hadi 400, ambayo hupita karibu yote. UV-B hunyonywa moja kwa moja na DNA na kuziunganisha besi mbili jirani, yaani herufi mbili za DNA, mara nyingi timini na timini, kiasi kwamba seli inapotaka kunakili jeni zake hukwama mahali hapo au hunakili kimakosa. UV-A haigusi DNA kwa nguvu hiyo, lakini huzalisha oksijeni kali inayoharibu mafuta na protini za seli. Sisi wa Goma na Bukavu tunaishi karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500. Jua linakuwa karibu utosini, na kwa kila mita 1,000 za mwinuko mionzi hii huongezeka kwa takribani asilimia 10. Mwanafunzi wako ana haki ya kushangaa.

Basi kiumbe kinahitaji molekuli ambayo elektroni zake zimetandaa juu ya vifungo maradufu vinavyofuatana, ili inaswe na wimbi la urefu huo, na ambayo ikishanyonya nguvu ya mwanga huitoa kama joto upesi sana, kabla haijavunjika wala kuvunja jirani yake. Kutengeneza molekuli kama hiyo kunaonekana kuwa kazi kubwa. Lakini ukifuatilia viumbe mmoja baada ya mwingine, utakuta kwamba hakuna aliyeanza upya: kila mmoja alichukua sukari, asidi amino (matofali ya protini) au kipande kingine ambacho tayari alikihitaji kwa maisha yake ya kila siku, akaongeza hatua chache tu.

Chukua sayanobakteria, wale bakteria wanaotumia mwanga wa jua kujilisha. Mwaka 2010 Emily Balskus na Christopher Walsh walionyesha jinsi mmoja wao, Anabaena variabilis, anavyotengeneza shinorini, kemikali isiyo na rangi inayonyonya mionzi kwa nguvu zaidi karibu na nanometa 334. Malighafi ni sedoheptulosi yenye fosfati, sukari ya kaboni saba ambayo ipo pia ndani ya seli zako na zangu, kwa kuwa ni sehemu ya njia ya kawaida ya kuchakata glukosi. Kimeng'enya cha kwanza (kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) huifunga sukari hiyo iwe pete. Cha pili huongeza kikundi cha methili. Cha tatu hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kuunganisha glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, na cha nne huongeza serini. Jeni nne, hatua nne. Watafiti hao walipozihamishia jeni hizo ndani ya bakteria wa utumbo anayefugwa katika maabara, ambaye kwa asili yake hana uwezo huo, naye akatengeneza shinorini. Familia ya kemikali hizi ni kubwa na inapatikana pia katika mwani mwekundu wa baharini, katika kuvu na katika matumbawe. Baadhi ya wanyama wa baharini, kama urchini, huzipata kwa kula mwani na kuzihifadhi hadi ndani ya mayai yao, ambayo huelea karibu na uso wa maji bila gamba.

Sayanobakteria wanaoishi juu ya mawe wana kinga nyingine ambayo kwangu mimi ndiyo inayomjibu mwanafunzi wako kwa karibu zaidi. Inaitwa skitonemini, ina rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia, na inanyonya zaidi UV-A, karibu na nanometa 370. Malighafi yake ni asidi amino mbili, triptofani na tirosini. Vipande vyake vya mwanzo hutengenezwa ndani ya seli, kisha kinga iliyokamilika hukaa nje, katika ala ya utelezi inayoizunguka seli. Ubora wake ni kwamba ikishakaa pale haihitaji kulishwa wala kufanyiwa ukarabati wa kila siku. Seli inapokauka na kulala, vimeng'enya vyake vya kurekebisha DNA haviwezi kufanya kazi kwa sababu hakuna maji, lakini skitonemini inaendelea kuzuia mionzi. Kiumbe anayekauka mara kwa mara juu ya jiwe anahitaji kinga ya namna hiyo, kwa sababu saa ambayo jua ni kali zaidi ndiyo saa ambayo yeye hana uwezo wa kujitibu.

Sasa likeni yenyewe. Zile za kijivu mnazoziona juu ya lava, zenye matawi madogo yaliyosimama, ni za jenasi Stereocaulon. Ndani yake wanaishi pamoja kuvu na mwani wa kijani, na mara nyingi hubeba vinundu vya rangi iliyokolea ambamo wanakaa sayanobakteria wanaokamata naitrojeni ya hewa. Anayelinda nyumba ni kuvu. Hutumia vipande vidogo vya asetati, vilevile ambavyo seli huvitumia kutengeneza mafuta, na kuviunganisha kimoja baada ya kingine kuwa atranorini, ambayo huitoa nje ya nyuzi zake na kuilaza kama fuwele katika tabaka la juu. Fuwele hizo hunyonya UV-B na kurudisha sehemu ya mwanga unaoonekana. Kijivu cheupe mnachokiona kinatokana nazo. Likeni ya rangi ya machungwa iitwayo Xanthoria ilitoa ushahidi mzuri wa jambo hili. Kinga yake, parietini, inaweza kuoshwa kwa asetoni likeni ikiwa kavu bila kuiua. Ikishaoshwa, mwani wa ndani huathirika kwa mwanga mkali, na UV-B ndiyo inayoichochea kuvu kuitengeneza upya.

Kwa hiyo kinga ni kemikali, na ni mahali inapokaa, na ni wakati inapotengenezwa. Mafuta ya sokoni yanajifungamanisha na hilo la kwanza tu. Nitawaachia wengine waseme kuhusu mimea na ngozi.

Mama Shamba, Kabare

Mwalimu, salamu kutoka Kabare. Mimi ni mtaalamu wa kilimo, na upande wa mimea naweza kuujazia.

Mmea hauna tabaka la fuwele juu yake kama likeni. Kinga yake kubwa ni flavonoidi, na zinawekwa ndani ya vakuoli (vifuko vya maji) za seli za ngozi ya jani, yaani tabaka la juu kabisa, ili UV-B ikome pale na mwanga unaofaa kwa usanisinuru uendelee kushuka kwenye klorofili. Malighafi ni fenilalanini, asidi amino ambayo mmea hujitengenezea wenyewe na ambayo sisi hatuna budi kuipata katika chakula. Kimeng'enya kimoja huiondolea naitrojeni iwe asidi sinamiki, hatua mbili zaidi zinafuata, kisha kimeng'enya kiitwacho kalkoni sinthasi huunganisha tokeo hilo na vipande vitatu vinavyotokana na asetati. Hapo mifupa ya flavonoidi inakuwa imepatikana, na kutoka hapo mmea unatoa kwesetini, kempferoli na jamaa zao wengi. Mimea ya majaribio iliyopoteza jeni za hatua hizo hukua vizuri chini ya taa za kawaida, lakini ikiwekewa UV-B inaumia vibaya kuliko wenzake.

Linalonigusa kama mtu wa shamba ni jinsi mmea unavyojua kwamba mionzi imefika. Mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba protini iitwayo UVR8 ndiyo kipokezi cha UV-B. Inakaa ndani ya seli ikiwa imeshikana jozi, na kinachonasa mionzi ni triptofani zilizomo ndani ya protini yenyewe. UV-B ikiigusa, jozi inaachana, kila moja inakwenda kushikamana na protini nyingine ndani ya kiini cha seli, na matokeo yake ni kwamba jeni ya kalkoni sinthasi inawashwa. Mmea haungoji uungue ndipo ujitetee. Kiasi kidogo tu cha UV-B, kisicholeta madhara, kinatosha kuuamsha.

Hili lina maana kwa wanaokuza miche chini ya plastiki. Plastiki nyingi za mabanda ya miche zimetiwa dawa inayozuia urujuanimno ili zenyewe zisipasuke upesi, kwa hiyo mche uliokulia humo haujaamshwa. Saladi nyekundu iliyokuzwa chini ya plastiki ya aina hiyo hutoka na rangi hafifu. Nyanya au kabichi ikitolewa humo na kupandwa siku hiyohiyo kwenye kilima kilicho wazi, majani yake hukauka na kubadilika rangi kuwa nyeupe, na mkulima anadhani ni ugonjwa. Jua, upepo na ukame vinashirikiana katika kumdhuru mche, sitaki kusema ni urujuanimno peke yake. Hata hivyo, ukiitoa miche nje kwa saa chache za asubuhi na kuongeza muda kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi kabla ya kuipanda, unaipa nafasi ya kutengeneza flavonoidi zake na kukaza ngozi ya jani. Nawasihi wakulima wote wa milimani kwetu wafanye hivyo.

Niongeze neno kuhusu majani machanga mekundu ya muembe, kwa sababu walimu huyatumia kama mfano. Wekundu huo ni anthosianini, ambazo zinatokana na njia hiyohiyo ya fenilalanini, lakini zinanyonya zaidi mwanga wa kijani unaoonekana. Zinalipunguzia jani changa mwanga wa ziada wakati klorofili yake haijakomaa. Zile zinazobeba kazi kubwa ya kuzuia UV-B ni jamaa zake wasio na rangi kwa macho yetu. Kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kwamba jani jekundu limelindwa zaidi kuliko la kijani. Jani la lengalenga la kijani lililokulia kwenye jua kali linaweza kuwa limejaa flavonoidi usizoziona.

Mzaliwa wa Vitshumbi

Nimesoma kwa furaha kubwa na naomba kumwingiza mnyama ambaye sisi wa Ziwa Edward tumekua naye, kiboko.

Wazee wetu wavuvi walituambia kwamba kiboko akitoka majini mchana hutoka jasho la damu. Si damu, na kwa kweli si jasho la kawaida pia, bali ni utelezi unaotoka kwenye tezi za ngozi. Unapotoka hauna rangi. Baada ya dakika chache unakuwa mwekundu, kisha kahawia. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walichapisha uchunguzi wa utelezi huo, waliouchukua kwa viboko wa bustani ya wanyama ya Ueno mjini Tokyo. Walikuta rangi mbili, moja nyekundu na nyingine ya machungwa, na wakaipa ile nyekundu jina la asidi hiposudoriki, linalotokana na jina la kisayansi la mnyama mwenyewe. Zote mbili zinanyonya mionzi kuanzia urujuanimno hadi mwanga unaoonekana, na ile nyekundu inazuia pia bakteria kukua, jambo lenye faida kwa mnyama anayepigana mara kwa mara na kurudi na majeraha kwenye maji yenye matope.

Kuhusu malighafi, watafiti hao walipendekeza kwamba chanzo ni asidi homojentisiki, ambayo mwili wa mnyama huipata unapovunja tirosini. Hiyo inakwenda sambamba na alichosema Mtu wa Labo: tena ni asidi amino ya kila siku iliyogeuzwa kuwa kinga. Kiboko hana manyoya ya kumfunika, na ngozi yake hupoteza maji haraka akiwa nje. Utelezi huo unamsaidia akiwa ufukweni mchana.

Mwalimu wa Ndosho, Goma

Nawashukuru sana. Sikutarajia kupata mengi kiasi hiki. Naona sasa kwamba tirosini imetajwa kwa sayanobakteria na kwa kiboko, na ninajua kwamba melanini yetu nayo hutokana na tirosini. Je, mwanadamu hana jamaa wa shinorini kabisa, ilhali sukari ya mwanzo anayo? Na naomba mwenye ujuzi wa afya anijibu kuhusu wanafunzi wangu.

Muuguzi wa Katuba, Lubumbashi

Mwalimu, jambo. Nimefanya kazi na watu wenye ualbino katika huduma za ngozi hapa Lubumbashi, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuwajibu wazazi.

Melanini hutengenezwa katika seli ziitwazo melanosaiti, zilizo chini kabisa ya tabaka la nje la ngozi. Kimeng'enya kiitwacho tirosinasi huigeuza tirosini kuwa dopakwinoni, na kuanzia hapo hatua zinaendelea hadi kupatikana melanini nyeusi au ile yenye wekundu. Kazi hiyo yote hufanyika ndani ya vifuko vidogo, melanosomu, kwa sababu kemikali za katikati ya njia ni sumu kwa seli zikiachwa huru. Vifuko vikishajaa husukumwa hadi kwenye matawi ya melanosaiti na kupokelewa na seli jirani, ambazo huvipanga juu ya kiini chao, upande wa jua, mfano wa mtu aliyejitwika ungo kichwani. Mionzi inayopenya kutoka juu inakutana na melanini kabla ya kukutana na DNA. UV-B ikiharibu DNA ya ngozi, seli hutoa homoni inayoiamuru melanosaiti kuongeza kazi. Ndiyo maana mtu huzidi kuwa mweusi siku chache baada ya kushinda juani.

Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la nje la ngozi nyeusi hupitisha takribani asilimia 7 ya UV-B, na la ngozi nyeupe takribani asilimia 24. Ni tofauti kubwa, lakini si ukuta kamili. Mtu mweusi naye anahitaji kofia akishinda shambani, na macho yake yanahitaji kivuli.

Sasa ualbino. Melanosaiti zipo, na idadi yake ni ya kawaida. Kinachokosekana ni melanini ndani ya vifuko. Katika Afrika kusini mwa Sahara aina iliyo ya kawaida zaidi hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2, inayosaidia kuweka hali inayofaa ndani ya vifuko hivyo ili tirosinasi ifanye kazi. Mtoto huirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata kama wao wenyewe ni weusi. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu bado wapo akina mama wanaolaumiwa na kufukuzwa, ilhali baba amechangia nusu sawa. Kukosa melanini kunaathiri macho pia, na mtoto anahitaji kukaa mbele darasani. Madhara tunayoyaona zaidi ni kansa ya ngozi usoni, masikioni, shingoni na mikononi, mara nyingi kwa watu ambao bado ni vijana, na nyingi kati ya hizo zingeweza kuzuilika.

Kuhusu mafuta ya sokoni, wazazi waambiwe wazi kwamba hayatoshi. Chukua mawese, ambayo watu wengi huyasifu kwa wekundu wake. Wekundu huo ni karotenoidi, na karotenoidi zinanyonya zaidi mwanga wa buluu unaoonekana, karibu na nanometa 450. UV-B, ambayo ndiyo inayoiunguza ngozi, hupita kwa kiasi kikubwa. Mawese yaliwe, ni chakula kizuri chenye kuupa mwili vitamini A. Hata utomvu wa jani lenye flavonoidi nyingi hausaidii kwa kupakwa, kwa kuwa katika jani kemikali hizo zimepangwa kwa wingi ndani ya seli zilizobanana bila pengo, na kila siku zinajazwa upya. Juu ya ngozi zinabaki utando usio sawa, unaooshwa na jasho na kuharibika kwa hewa. Hakuna anayejua amepaka kiasi gani cha kinga, na anayeamini amekingwa hukaa juani muda mrefu zaidi. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa.

Kinachofaa ni nguo za mikono mirefu zilizofumwa kwa kubanana, kofia yenye ukingo mpana pande zote, miwani, kivuli kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, na krimu ya kuzuia jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kuzuia jua) ya 30 au zaidi inayokinga UV-A na UV-B, ikipakwa upya kila baada ya saa mbili mtoto awapo nje. Krimu ikikosekana kwa sababu ya bei, nguo na kofia visikosekane. Vinafanya sehemu kubwa ya kazi. Michezo ya shule ihamishiwe asubuhi mapema. Kidonda usoni kisichopona kwa mwezi mzima kionwe na mganga.

Na kwa kuwa tumetaja tirosinasi, siwezi kunyamaza kuhusu krimu za kung'arisha ngozi. Hidrokwinoni iliyomo katika nyingi kati yake inafanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hichohicho. Anayejipaka analipa fedha ili avue kinga ambayo mwili wake umeitengeneza, kisha anatoka nayo ngozi hiyo kwenye jua la Katanga. Dada zetu na binti zetu wanapaswa kuelezwa hivyo, bila kuwadharau.

Mtu wa Labo, Bukavu

Mama Muuguzi amesema yote kuhusu ngozi. Nijibu mawili yaliyobaki.

Mwalimu, umeuliza kama sisi tunaye jamaa wa shinorini. Samaki wanaye. Inaitwa gadusoli, iligunduliwa katika mayai ya samaki wa bahari ya kaskazini, na inanyonya UV-B karibu na nanometa 296. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba samaki wanaipata kwa kula. Mwaka 2015 watafiti wa Oregon nchini Marekani walionyesha kwamba samaki wanaitengeneza wenyewe kutokana na ileile sedoheptulosi yenye fosfati, kwa vimeng'enya viwili tu, na kwamba jeni za kazi hiyo zipo pia kwa vyura, kwa reptilia na kwa ndege. Mama samaki huiweka ndani ya yai, hivyo kiinitete kinachopitisha mwanga kinakuwa na kinga kabla hakijapata melanini yake. Mamalia hawana jeni hizo. Sukari tunayo, kimeng'enya cha kuigeuza hatuna. Wanyama wenye kondo la uzazi, sisi tukiwemo, tumepoteza vilevile kimeng'enya kinachotumia mwanga kurekebisha DNA iliyoharibiwa na UV-B, ambacho mimea, samaki na hata kangaruu wanacho. Wanasayansi wengi hulihusisha hilo na mababu wa mamalia walioishi usiku na kufunikwa na manyoya.

Kuhusu jaribio, huhitaji labo. Tafuta taa ndogo ya urujuanimno, ile ambayo wabadilisha fedha hukagulia noti za dola; chagua inayotoa karibu nanometa 365. Kusanya maganda makavu ya vitunguu vyekundu, ambayo yana kwesetini kwa wingi, yakatekate na kuyaloweka usiku mmoja katika alkoholi ya famasi, mbali na moto. Chuja. Katika chumba chenye giza weka karatasi nyeupe ya kawaida mezani. Ukiimulika kwa taa hiyo itang'aa buluu, kwa kuwa viwandani karatasi hutiwa kemikali inayong'aa kwa urujuanimno. Sasa weka kati ya taa na karatasi gilasi yenye alkoholi tupu, kisha gilasi inayofanana nayo yenye maji ya maganda, yaani ile alkoholi uliyoichuja. Kwa alkoholi tupu karatasi itaendelea kung'aa. Kwa maji ya maganda mng'ao utafifia sana au kutoweka. Yapunguze makali kidogo kidogo kwa kuongeza alkoholi, na wanafunzi waandike ni katika hatua gani mng'ao unarudi. Usitumie majani mabichi, kwa sababu klorofili nayo inanyonya sehemu hiyo ya mwanga na itawachanganya. Wasiitazame taa kwa macho.

Wakishamaliza, waeleze kwamba taa hiyo hutoa UV-A pekee. Jaribio linaonyesha kwamba kwesetini inanyonya karibu na nanometa 365. Halionyeshi inavyofanya kwa UV-B, na lisichukuliwe na yeyote kuwa kibali cha kupaka maganda ya kitunguu usoni.